Siku ya Kawaida Mtaa wa Pareto

Asubuhi hiyo Sekela alikuwa amejificha jiko la nje, anakwangua tope kwenye viatu vya shule ambavyo havikuwa na tope. Alishavikwangua jana yake. Lakini mtu akikukuta umeshika kisu na kiatu hakuulizi sana, ndo maana alivishika.

"Sekela!" mama yake aliita. "Siku ya tatu hii. Nakwenda msibani, na wewe unabaki tena?"

"Naumwa tumbo, mama."

"Jana kichwa, leo tumbo. Kesho itakuwa kope?" Mama alitokea mlangoni, kajifunga khanga mbili, ndoo ya unga kichwani, sweta la marehemu bibi limembana mabega kwa sababu ya baridi ya Mbeya. "Atupele anakuulizia kila nikiingia. Nimechoka kumwambia unakuja. Mwenzio kafiwa na baba, mwanangu, hajapotelewa na kuku."

Sekela aliinamia kiatu.

Siyo kwamba hakumpenda Atupele. Tangu darasa la kwanza Atupele ndiye aliyekuwa mdomo wake. Mwalimu akimwuliza Sekela swali, Atupele anadakia, "Anasema jibu ni mto Ruaha," na Sekela hajasema chochote, ila kweli alikuwa anafikiria mto Ruaha. Dukani Atupele ndiye anayedai chenji ya wote wawili. Sasa zamu ya kusema ilikuwa imemfikia Sekela, na msibani hakuna mtu wa kukusemea pole.

Ndipo kelele zikatoka njia panda.

"Jamani! Shangazi kachanganyikiwa! Tokeni muone!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Kissa, muuza vitumbua, ambaye hata akinong'ona mtaa mzima unasikia. "Hamsini na nane! Mungu wangu, hamsini na nane!"

Kisu kilimtoka Sekela mkononi.

Shangazi hakuwa mtu. Ilikuwa mashine ya mji ya kukadiria bei za nyumba zitaanguka kiasi gani, na watu waliiita Shangazi kwa sababu ilijua habari za kila mlango. Ililetwa kiwanda cha betri kilipofungwa. Wakati ule watu walikuwa wanauza nyumba kwa uvumi tu: asubuhi unaambiwa bei itapungua robo, jioni unaambiwa hata bure hakuna atakayechukua. Mji ukasema basi, uvumi mwisho. Kila mtaa ukawekewa kibao cha taa njia panda, chenye namba moja: katika kila mia ya bei ya leo, ngapi zitakuwa zimepotea mvua zikiisha. Mashine ilitazama kwa macho yaliyowekwa juu ya nguzo. Ndani ya nyumba haikuruhusiwa kuangalia. Ilihesabu kinachotoka na kinachoingia, vitanda, magari, watu wenye mabegi, moshi wa jikoni, na kutokana na hayo ilijua nani anakaa na nani anajiandaa kuondoka. Watu wakiona namba ndogo wanapaka rangi kuta. Wakiona kubwa wanamwita dalali.

Mtaa wa Pareto ulikuwa na kumi na mbili tangu mwaka uanze. Walijivunia kumi na mbili yao kama timu ya mpira.

Ila Shangazi hakujua mila. Mwanzoni kabisa, bibi harusi mmoja alitolewa kwao na kabati, kitanda, vyombo na jokofu, mashine ikaona ni watu wanakimbia, namba ikapanda, na majirani wawili wakauza kweli. Ndipo kila mtaa ukatakiwa kuwa na mweleza, mtu wa kuieleza mashine kila jioni kwa simu kwamba leo tulichokuwa tunafanya ni hiki. Kikao cha mtaa kilimchagua Sekela. "Huyu mtoto hana maneno ya ziada," walisema. Sekela aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote, kwa sababu ilikuwa ya kubonyeza tu. Harusi. Mavuno. Wageni. Siku ya kawaida. Unabonyeza, unalala.

Msiba peke yake ndio haukuwa wa kubonyeza. Kuna mtaa mmoja uliwahi kuzika bibi yuleyule mara tatu ili kuficha watu wanaohama. Tangu hapo Shangazi alitaka sauti ya mfiwa mwenyewe, aseme kwa kinywa chake jina la marehemu.

Siku aliyokufa Mzee Ambakisye, Sekela alivuka barabara na simu mkononi. Alifika mpaka kwenye geti. Akasikia Atupele analia ndani, kilio cha sauti nene ambayo hakuijua. Akasimama. Akajaribu kupanga maneno: naomba useme jina la baba yako hapa. Ni mtu gani anayemwambia mwenzake hivyo? Akarudi nyumbani, akakaa kitandani, akabonyeza Siku ya kawaida.

Kesho yake akabonyeza tena, kwa sababu taarifa ya kwanza ilishakwenda.

*

Alimfuata mama yake msibani bila hata kufunga kamba za viatu.

Kwa Mzee Ambakisye watu walijaa mpaka barabarani. Sebule ilikuwa imetolewa kila kitu, kama ilivyo desturi, ili wanawake wakae chini kwenye mikeka na magodoro. Makochi yalikuwa nje chini ya turubai, yamekaliwa na wanaume. Viti havikutosha, kwa hiyo kila nyumba ya mtaa ilikuwa imeleta vyake. Kulikuwa na viti vya plastiki, stuli, mabenchi, hata kochi la velveti la Mama Kissa ambalo siku nyingine huruhusiwi kulikalia. Masufuria yalitoka nyumba ya huku, magodoro yalitoka nyumba ya kule. Na juu ya nguzo ya taa jicho la Shangazi lilikuwa linazunguka taratibu, linahesabu.

Sekela alilitazama, akaelewa yote kwa mara moja, na tumbo likaanza kumuuma kweli.

Kwenye kochi la marehemu alilala Chengula, mtani wake, kavaa kofia ya marehemu, miguu juu. "Mimi ndo Ambakisye!" alisema, akimwigiza kwa sauti ya puani. "Nimekufa, na bei imekufa pamoja na mimi! Nyie mlidhani hizi nyumba zinasimama kwa saruji? Zilikuwa zinaniegemea mimi!"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Maana kulikuwa na ukweli ndani yake. Mzee Ambakisye alikuwa fundi wa mashine ya kuchapa nyumba, ile inayomwaga udongo tabaka juu ya tabaka mpaka ukuta unasimama. Nusu ya nyumba za Pareto alizichapa yeye. Hata hii yake, ambayo ukuta wa jikoni una tumbo, kwa sababu Atupele akiwa na miaka minne aliegemea mpira wa mashine unaomwaga udongo na tabaka zikapinda. Mafundi wengine walimwambia abomoe, arudie. Alikataa. "Huyu naye kajenga," alisema.

"Acha utani, Chengula," alisema baba mdogo wa Atupele, Lugano, aliyekuja kutoka Dar es Salaam na viatu vinavyong'aa. Alikuwa amesimama anaangalia kibao. "Jana niliposhuka kwenye basi kilikuwa thelathini na kitu. Leo hamsini na nane. Kesho tutakuwa tunauza mabati."

"Baba mdogo, ndugu yako hata hajapoa," alisema mtu.

"Yeye hajapoa, nyumba inapoa. Nani atamlea huyu mjane na mtoto? Wewe? Leo tunaanua matanga, kikao cha ukoo kitakaa mchana. Hoja yangu ni moja. Tuuze leo, wakakae Tukuyu kwa babu yao. Tukichelewa hawatapata hata cha kuanzia."

Njia panda gari jeupe la wanunuzi lilikuwa limeshafika, limetulia kimya kama paka nje ya bucha.

Ndani Atupele alikuwa amekaa pembeni ya mama yake, midomo imepasuka kwa kiu. Alipomwona Sekela alinyoosha mkono tu. Sekela akakaa, akaushika.

"Niliwaambia," Atupele alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Niliwaambia Sekela ataniletea mguu. Haongei, lakini atakuja."

"Pole," Sekela alisema. Lilikuwa neno dogo sana. Alilibeba siku tatu nzima kama gunia, kumbe lilikuwa dogo hivyo.

"Wanataka kuuza nyumba, umesikia? Baba mdogo anasema Shangazi kasema. Si wewe ndo unaongea naye? Kwa nini anasema hivyo? Mtaa huu nani anahama?"

Sekela alitazama kidole gumba cha Atupele, kilichokatika ukucha.

"Sijui," alisema.

*

Nyuma ya nyumba, kati ya simtanki na ukuta wenye tumbo, Sekela alichomeka kidude cha sikioni na kuifungua simu.

"Nataka kurekebisha," alinong'ona.

"Habari ya asubuhi, mweleza wa Pareto." Sauti ya Shangazi ilikuwa ya mama mtu mzima, ya upole. Upole huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Rekebisha nini?"

"Ule siyo uhamaji. Ni msiba. Makochi wametoa kwa ajili ya msiba. Viti wameazimana."

"Ulisema siku ya kawaida. Nikaona zaidi ya nusu ya nyumba zinatoa magodoro na viti siku ya kawaida. Watu wakifanya hivyo bila sababu, huwa wanaondoka."

"Najua. Nilikosea."

"Naweza kupokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni maelezo yaliyochelewa. Nitaanza kuyahesabu sasa, ya nyuma yatabaki yalivyo. Kibao kitashuka mpaka arobaini na saba. Ya pili ni kosa la mweleza. Nitafuta zile siku zote, kibao kitaonyesha kimefutwa na sababu yake, na namba itarudi karibu na ya zamani. Lakini mtaa ambao mweleza wake alisema uongo unakaa mwaka mzima bila mweleza."

"Bila mweleza maana yake…"

"Nitahesabu ninachokiona."

Mwaka mzima. Kissa, binti wa Mama Kissa, anaolewa mwezi ujao, na kabati lake la nguo lilishachongwa. Mzee Mwaipopo wa nyumba ya mwisho ni mgonjwa, kila mtu anajua anakoelekea. Kila harusi itakuwa kukimbia. Kila kaburi litaiangusha nyumba ya jirani.

"Na ikiwa imechelewa tu," aliuliza, "kwa nini namba isirudi yote? Si umeshajua ni msiba?"

"Makochi nimeyaelewa. Lakini tangu asubuhi nyumba tatu zimewaita madalali, na moja imeshauzwa. Huo siyo msiba. Wameiogopa namba yangu, na woga wao ni wa kweli. Siwezi kuacha kuuhesabu mpaka kibao kiwaambie kwamba namba ilikuwa ya kosa."

Kutoka mbele ya nyumba alisikia viti vinaburutwa. Kikao kilikuwa kinaanza.

"Kwa njia zote mbili nahitaji sauti ya mfiwa," alisema Shangazi.

Atupele alikuja alipoitwa, bila kuuliza. Alisimama kwenye matope na ndala za mama yake. Sekela alimsogezea simu.

"Sema jina la baba."

"Kwa nani?"

"Kwa Shangazi. Ni utaratibu tu."

"Leo? Mbona siku ya tatu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Baadaye Sekela alikuja kuparudia mara nyingi kichwani: simtanki linadondosha maji, ukuta una tumbo, Atupele kainamisha kichwa anasubiri jibu, na wala hana hasira. Ilikuwa sentensi moja tu.

"Mashine ilichelewa," alisema Sekela.

Atupele aliishika simu kwa mikono miwili. "Ambakisye," alisema. "Ambakisye Mwakitalima. Fundi." Hakuombwa kusema fundi. Akarudisha simu, akajifuta uso na mkono wa gauni, akarudi ndani.

Kwenye simu zikabaki njia mbili, moja juu, moja chini. Sekela alijiambia ni kwa ajili ya mtaa. Kwa ajili ya Kissa na kabati lake, kwa ajili ya Mzee Mwaipopo. Yalikuwa mambo ya kweli kabisa. Lakini alikuwa anaona pia kibao cha njia panda kimewaka maneno kosa la mweleza, na watu wote chini ya turubai wanageuza shingo kumtafuta. Alijaribu kupima ni lipi kati ya hayo lililosukuma kidole chake. Kidole hakikusubiri apime.

Maelezo yaliyochelewa.

Alikimbilia mbele ya nyumba. Kibao kilikuwa kinabadilika. Arobaini na saba.

"Imeshuka!" alipiga kelele Mama Kissa. "Mnaona? Shangazi kapata akili!"

Mama yake Atupele, aliyekuwa ametolewa nje kukaa na wanaume, aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Shemeji," alimwambia Lugano, "si tungoje? Kama inashuka, tungoje wiki moja tu."

Wazee wawili walitikisa kichwa kukubali.

"Tungoje nini?" Lugano hakupiga kelele. Alionekana amechoka, macho mekundu. Naye alikuwa amefiwa na kaka. "Shemeji, jana thelathini, asubuhi hamsini na nane, sasa hivi arobaini na saba. Hiyo ni namba au ni homa? Inapanda na kushuka, na hakuna mtu hapa anayejua kwa nini. Angekuwepo hata mmoja wa kuniambia kwa nini, ningengoja. Yupo?"

Aliwazungukia kwa macho, mmoja mmoja. Chengula alivua ile kofia ya marehemu. Mama Kissa aliangalia chini. Wote waliamini mweleza alishaueleza msiba, kosa ni la mashine.

Macho ya Lugano yalipita juu ya Sekela kama yanavyopita juu ya mtoto yeyote.

"Basi," alisema. "Mwiteni yule wa kwenye gari."

Mama yake Atupele aliweka dole gumba pale alipoonyeshwa. Halafu akalifuta kwenye khanga, taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kichafu asichokijua jina.

*

Pikapu ya kuhama ilikuja Jumamosi, manyunyu yakiwa yanaanguka. Makochi yalikuwa nje tena. Yaleyale, mahali palepale, ila turubai halikuwepo.

Simu ya Sekela ilitetemeka. "Mweleza wa Pareto," Shangazi aliandika. "Nyumba ya Mwakitalima inatoa makochi na magodoro. Msiba au kuhama?"

Sekela alisimama getini kwao, manyunyu yanamlowesha nywele. Alibonyeza Kuhama. Njia panda namba ikapanda kidogo, na mtu mmoja akaguna.

Atupele alivuka barabara na sahani tatu za mama yake Sekela, zimeoshwa, zimefungwa na kitambaa.

"Mwambie mama ahsante."

"Ehe."

"Wanunuzi wanasema watabomoa. Watachapa ghorofa." Atupele alijaribu kutabasamu. "Ukuta wangu wenye kitambi umewashinda. Hivi we Sekela, mimi naondoka, hutasema kitu hata leo? Nani atakusemea darasani?"

Sekela alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, alikuwa nayo yote, yamejipanga. "Safari njema," alisema.

"Haya," alisema Atupele. Alimngoja kidogo zaidi. Halafu akapanda nyuma ya pikapu, akakaa kwenye kochi la baba yake kama malkia aliyeloa, na gari likashika barabara ya Tukuyu.

Ilikuwa jioni, watu wanawasha majiko, Sekela alipokaa kwenye ngazi ya nyuma na kubonyeza pale pa kurekodi sauti. Hakuwahi kumtumia mtu yeyote sauti. Alirekodi, akafuta. Akarekodi, akasikia anavyohema, akafuta. Mara ya mwisho hakujisikiliza tena.

"Atu, ni mimi. Siku aliyokufa baba nilikuja mpaka getini nikarudi. Nikabonyeza siku ya kawaida. Na kesho yake pia. Mashine haikuchelewa, ni mimi. Ile namba ilikuwa viti vya msiba wa baba yako. Halafu, Atu, pale kwenye simtanki, kulikuwa na njia nyingine ya kubonyeza. Ingefuta zote. Ingesema ni kosa langu. Mtaa ungekaa mwaka bila mweleza, na mimi nikasema ni kwa ajili ya mtaa. Sijui kama ni kwa ajili ya mtaa. Baba mdogo aliuliza kama yupo mtu anayejua, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa karibu kuliko wote. Basi. Ndo hivyo. Naomba unijibu hata unitukane."

Akatuma. Alama moja ikawa mbili. Mbili zikageuka rangi, maana yake mtu kule barabarani kasikiliza, hadi mwisho.

Mama yake aliita chakula. Sekela alisema anakuja. Harufu ya maharage ilipita, moshi ukapita, kuku wakaingia bandani wakigombania nafasi.

Simu ikatetemeka. Aliishika kwa pupa mpaka ikamponyoka ikaangukia mapajani.

"Mweleza wa Pareto," ilisema. "Leo ilikuwa siku gani?"

Aliisoma. Akairudisha nyuma kwenye ujumbe aliomtumia Atupele, palipokuwa bado hapana jibu, akaiweka simu kwenye ngazi, kioo juu, na hakumjibu Shangazi.